Mkono wa Upinde

Bega la kushoto la Bonge lilikuwa likimuuma, na kwa wiki nzima hakuna mtu nyumbani mle aliyeruhusiwa kulisahau. Asubuhi ile alikaa mezani, shati limeshushwa upande mmoja, mkewe akimsugua dawa ya kuchua iliyonuka mpaka chai ikapoteza harufu yake.

"Taratibu basi," alisema. "Hilo bega si ukuta."

"Mwanamume mzima, dereva wa lori," mama yake akadakia kabla mkewe hajafungua mdomo. "Ulipanda mkono wa kochi, hukupanda farasi. Sasa unalia nini?"

Na kweli alikuwa amepanda mkono wa kochi. Mkewe alikuwa mchoraji wa picha za kwenye kishikwambi, kazi ambayo mama mkwe aliiita "kuchora-chora" mbele ya wageni, na wageni wakiondoka hakuiita kitu. Muuza maua mmoja alikuwa amemwagiza picha ya baba yake. Mzee huyo alizaliwa Japani, na ujanani alikuwa mmoja wa wale wapigao mishale wakiwa juu ya farasi anayekimbia. Ni sanaa ya kale, yenye ibada ndani yake. Farasi anatimua mbio kwenye njia iliyonyooka, mpandaji anaachia hatamu, anavuta upinde mrefu kumpita yeye mwenyewe, na kupiga shabaha za mbao zilizosimamishwa upande wake wa kushoto. Picha zake za enzi hizo zilipotea zote katika kuhamahama. Sasa alikuwa hospitali, moyo umechoka, na binti yake alitaka siku ya kurudi nyumbani ajikute ukutani, kijana, juu ya farasi wake.

Mchoraji hakuwahi kupanda farasi, hata punda. Alisoma alichoweza kusoma, akatazama video mpaka bando likakata, na mwishowe akahitaji mwili wa mtu wa kuutazama. Mwili uliokuwepo ulikuwa wa Bonge, maana lori lake lilikuwa gereji likingoja kipuri. Akamkalisha kwenye mkono wa kochi, akamvika joho la kuogea la mama mkwe, akampa fimbo ya pazia aishike kwa mkono wa kushoto, chini ya katikati, kama wenyewe wanavyoushika upinde wao.

"Nyoosha mkono. Usishushe. Na usipumue sana, tumbo linatokeza."

Fimbo ikishatoka dirishani na pazia nalo hutoka. Jirani aliyekuja kuazima pasi alichungulia, akamwona Bonge ndani ya joho la maua-maua akimlenga mshale mama yake, akarudi kwake bila kusema alichofuata. Tangu hapo Bonge akipita pale huitwa Jenerali.

Simu ya mchoraji ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa na mafuta vidoleni, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyeichukua, akaisogeza mbali na macho yake, akasoma kwa sauti: "Imetundikwa! Sasa tunaifunika shuka, kisha tunakwenda kumchukua Mzee. Asante sana dada, sina la kusema." Chini yake palikuwa na picha ya ukuta, na ukutani mpanda farasi, mkubwa kama mlango.

"Kumbe hiki kitu kinakuwa kikubwa hivi," mama mkwe alisema. Kwake yeye hayo yalikuwa maneno ya sifa, na mchoraji aliyapokea hivyo, kimya kimya, moyo ukimcheza kwa furaha.

"Hebu nami nijione," Bonge akasema. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaitazama. Akajitazama bega. "Mke wangu, mbona hapa nimeshika upinde kwa mkono wa kulia?"

"Unaona vibaya."

"Nione vibaya vipi? Mwenye bega ni mimi."

Mchoraji akajifuta mikono kwenye sketi na kuichukua simu. Farasi alikuwa akikimbia kuelekea kulia. Yeye hakumchora akikimbia kuelekea kulia.

Wachoraji wa kishikwambi wana mazoea yao. Macho yakishaizoea picha hayaoni tena kasoro zake, kwa hiyo huigeuza kama inavyogeuka kwenye kioo, kulia ikawa kushoto, na hapo kila kilichopinda hujitokeza chenyewe. Wakishasahihisha huigeuza tena ilivyokuwa. Mchoraji alikuwa akifanya hivyo bila hata kufikiri. Lakini jioni ile ya kuituma picha umeme ulikatika, betri ikawa inakata roho, na jikoni mama mkwe akawa anaita, nani atammulikia, chakula kinaungua. Akatia saini yake pembeni, akaituma, akakimbia na tochi. Saini ilisomeka vizuri kwa sababu ilitiwa juu ya picha iliyokwisha kugeuzwa. Hakuna kilichomshtua yeye wala mchapaji.

"Basi si neno," Bonge alisema alipoelezwa. "Wa kulia, wa kushoto, mshale unafika."

"Si mkono tu." Sauti ya mchoraji ilikuwa imepungua. "Ni nguo. Vazi lao, upande wa kushoto ndio unaokuja juu ya upande wa kulia. Hilo nililisoma mwanzo kabisa, nikauchora upande huo sawasawa. Sasa umegeuka."

"Ukigeuka inakuwaje?"

"Anayevikwa hivyo kwao ni maiti. Maiti peke yake."

Mama mkwe akaweka kikombe mezani. Dawa ya kuchua ikaendelea kunuka.

"Sikiliza," Bonge alianza, kwa ile sauti ya mtu anayeongea na askari wa barabarani. "Yule dada aliiona kabla haijachapwa. Akasema sawa. Wewe uko salama."

"Amekulia huku. Mambo ya kwao hayajui."

"Basi kama hajui, nani atajua?"

"Mzee."

"Mzee mgonjwa. Mzee ana macho gani? Mke wangu, kazi hii ndiyo tunayoila sasa hivi. Ukienda kusema, nani atakuagiza nyingine?"

Tuseme ukweli, mchoraji naye alikuwa ameshaliwaza neno hilo hilo, na kulisikia kinywani mwa mumewe kulimfanya aone haya. Mama mkwe ndiye aliyesimama.

"Mimi nimeosha maiti," alisema. "Mama yangu nimemwosha, dada zangu nimewaosha. Nguo ya maiti haifanyiwi mchezo, ya kwetu wala ya kwao. Nyinyi mmemvika mtu aliye hai, tena anatoka hospitali, mmemtundikia mbele ya kitanda chake, halafu mnakaa hapa mnajadili nani alisema sawa?"

"Mama, mimi nilikuwa najaribu tu—"

"Wewe funga shati. Mficha uchi hazai. Mke wa mwanangu, vaa viatu."

Mchoraji akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Hospitali, huenda simu ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa garini. Akafungua kishikwambi, akaigeuza picha ilivyotakiwa kuwa, akatia saini upya, akamkabidhi Bonge.

"Peleka kwa mchapaji. Mwambie ni haraka."

"Leo watapokea tu. Kuchapa ni wiki ijayo."

"Peleka hivyo hivyo."

Mlangoni alikumbuka kwamba hana nauli. Kabla hajageuka kumwomba mumewe, ambaye naye hakuwa nayo, mama mkwe alikwisha fungua fundo la mtandio wake. "Hamadi kibindoni," alisema, akaita teksi kwa mkono kama mtu anayefukuza kuku.

*

Ndani ya teksi mchoraji aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine. *Tafadhali usifunue picha mpaka nifike.* Ukaenda, haukusomwa. Aliiangalia simu kila taa nyekundu, na njia ile ilikuwa na taa nyingi.

"Kile chakula kilichokuwa kinaungua," mama mkwe alisema ghafla, macho yakiwa nje dirishani. "Nilipokuita unimulikie. Ndipo ulipokosea?"

"Hapana, Mama."

"Usinidanganye. Mimi si mtoto."

"Ndiyo, Mama. Ni jioni ile."

Gari lilipita shule, likapita soko. "Na chakula chenyewe kiliungua," mama mkwe alisema hatimaye, na mchoraji hakujua kama acheke au alie. Alikuwa akimwona mzee asiyemjua akifunuliwa ukuta na kujikuta amekwisha kufa, na anayemfunulia ni mtoto wake mwenyewe, anacheka, anapiga makofi.

Muuza maua aliishi nyuma ya duka lake. Walipita katikati ya ndoo za maua, mbele ya kioo kirefu kilichoegeshwa nyuma ya ndoo hizo ili maua machache yaonekane mengi. Dada wa kazi aliwafungulia mlango wa ndani, mfagio mkononi. Chumba cha mzee kilikuwa tayari, kitanda kimetandikwa, maji kwenye glasi, na ukutani, mkabala na mto, kitu kikubwa kilichofunikwa shuka.

"Tunaomba tuishushe hii picha," mchoraji alisema. "Mimi ndiye niliyeichora. Ina kosa."

"Mimi nimeambiwa isiguswe."

"Ni kosa baya, dada yangu."

"Na mimi nimeambiwa isiguswe," dada wa kazi akarudia, akahamia katikati yao na ukuta, mfagio wake umesimama wima. "Mkiishusha nyinyi, nitakayefukuzwa ni mimi. Ngojeni mwenyewe."

Hakuwa amekosea. Mama mkwe alivuta pumzi ya kubishana, akaiachia. Na hapo honi ikalia nje.

*

Muuza maua aliingia akiwa na mifuko ya dawa mikononi na uso uliokesha, lakini alipomwona mchoraji uso huo ukafunguka wote.

"Umekuja kumwona akiiona! Umefanya vizuri. Na huyu ni mama? Shikamoo, mama. Karibuni." Kisha akasita, akashusha sauti. "Au mmefuata lile salio? Niwieni radhi, bili ya hospitali imenibana kidogo. Wiki ijayo bila kukosa."

Damu ilimpanda mchoraji usoni. "Hapana. Si hilo. Naomba tuongee pembeni."

Wakasimama kwenye ukumbi mwembamba kati ya duka na vyumba. Nyuma yao dada wa kazi alipita akisukuma kiti cha magurudumu. Mzee ndani yake alikuwa mdogo, blanketi magotini, nywele nyeupe zimechanwa kwa maji. Mama mkwe akamwamkia, shikamoo, naye akaitikia marahaba, akaingizwa chumbani.

Mchoraji akasema. Alisema yote kwa pumzi moja, kugeuza, umeme, saini, kola, maiti. Hakuuweka umeme mbele kama udhuru ingawa ulimi ulitaka sana. Alipomaliza, muuza maua alikuwa bado ameshika mifuko ya dawa.

"Niliiangalia," alisema taratibu. "Niliiangalia kila siku. Niliwaonyesha wateja dukani, huyu ni baba yangu, nikajisifu. Mbona sikuona?"

"Kosa si lako."

"Ni baba yangu!" Sauti ilimpanda, akaibana. "Mtu wa nje ajue baba yangu huvaaje, mimi nisijue? Na wewe, nilikulipa wewe ili ujue kwa niaba yangu. Kumbe ulijua, na bado!"

"Ndiyo," mchoraji alisema. "Nilijua, na bado."

Muuza maua akaweka mifuko chini. Akajifuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu anayekataa kuonekana. "Basi tusimwambie. Macho yake mabovu. Ataona farasi, atafurahi. Hiyo nyingine ikija tutaibadilisha, hatajua. Niahidi hutasema."

Njia ya kutokea ilikuwa hapo, imefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Mchoraji akamtazama mama mkwe, na mama mkwe, aliyekuwa na neno kwa kila jambo tangu siku ya harusi, safari hii akaangalia sakafu. Mchoraji alikuwa bado anatafuta jibu walipoisikia shuka ikianguka.

Mzee hakusubiri mtu. Alimwuliza dada wa kazi kilichofunikwa ni nini, dada akasema ni zawadi, naye akavuta pindo.

Walipoingia alikuwa ameinua uso. Mpanda farasi alikuwa juu yake, kofia pana, ngozi ya paa miguuni, upinde umevutwa mpaka sikioni, farasi amenyoosha shingo. Ilikuwa kazi nzuri, hata mama mkwe aliliona hilo, na uzuri wake ndio uliokuwa ukitisha. Mzee aliinua mkono wake wa kushoto polepole, akakunja ngumi kama aliyeshika kitu. Akaitazama ngumi. Akaitazama picha. Kisha akagusa kifua chake mwenyewe, upande mmoja, halafu mwingine.

"Nani amenivika?" aliuliza.

Binti yake akainama kuiokota shuka.

"Mimi, Mzee," mchoraji alisema. Alipiga magoti ili macho yao yalingane. "Mimi ndiye mchoraji. Nilikuchora sawasawa. Halafu nikaigeuza picha ili niyaone makosa yangu, kama kwenye kioo, nikasahau kuirudisha. Binti yako hana kosa. Nisamehe."

"Ulinichora sawasawa?"

"Ndiyo."

"Wa kushoto juu?"

"Wa kushoto juu, Mzee. Mpaka sasa, mtu akiitazama kwenye kioo..."

Akakatisha maneno. Akasimama bila kuaga, akatoka, na dukani wakasikia ndoo zikisukumwa na maji yakimwagika. Alirudi akikumbatia kile kioo kirefu cha nyuma ya maua, kimemlemea, matone yakimchuruzika mikononi.

"Mgeuzeni," alisema. "Aipe picha mgongo."

Dada wa kazi akakizungusha kiti. Mchoraji akakisimamisha kioo mbele ya mzee, akakiinua, akakilaza kidogo nyuma, lakini kilikuwa kizito na kiliyumba, na ndani yake ukuta ulikuja na kupotea. Kisha kikatulia. Mama mkwe alikuwa ameshika upande wa pili.

Ndani ya kioo palikuwa na mzee kitini, na juu ya bega lake farasi aliyekuwa akikimbia kuelekea kushoto. Upinde ulikuwa katika mkono wa kushoto, chini ya katikati. Kola ya kushoto ilikuwa juu ya kola ya kulia.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikitembea, labda aliyasema maneno ambayo wapandaji hupaza wakikaribia shabaha, labda alikuwa akipumua tu.

"Mkono uko sawa," alisema. "Na goti. Goti liko sawa kabisa." Akakodoa macho. "Ila hiki kitambi si changu."

"Ni cha mume wangu," mchoraji alisema. "Dereva wa lori. Bega linamuuma mpaka leo."

"Na joho lilikuwa langu," mama mkwe akaongeza.

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na binti yake akamkimbilia na maji. Alipomaliza kunywa muuza maua alibaki amechuchumaa pale pale, kichwa kwenye mkono wa kiti, na sasa alikuwa akilia bila kujificha.

"Sikujua, Baba. Wallahi sikujua. Tutaitoa leo leo. Tutaichoma."

"Usiichome." Mkono wa kushoto ulishuka juu ya nywele zake. "Sikukufundisha, ungejuaje? Ile nyingine ikija, itundike. Hii ifungeni vizuri, muiweke juu ya kabati. Mtaihitaji."

Muuza maua alikuwa ameinua uso kumtazama, na ilikuwa wazi kwamba amemwelewa.

"Lakini bado," mzee alisema. "Leo bado." Akarudisha macho kwenye kioo, akaegemea nyuma, na akaendelea kumtazama yule kijana anayekimbia.

Mikono ilianza kumuuma mchoraji, kwanza viganja, halafu mabega, hasa la kushoto. Alimfikiria Bonge kwenye mkono wa kochi, na jinsi alivyomkatalia kupumzika. Maji ya ndoo yalikuwa yakimdondokea miguuni. Upande wa pili alimsikia mama mkwe na pumzi yake ya mtu mzima, nzito.

"Usishushe," mama mkwe alimnong'oneza.

"Sishushi, Mama."